Mgeni Mwenye Seva

Sisi wakimbizi tumezoea kuitwa wageni. Unaweza kuishi Bujumbura miaka kumi na tano, ukaongea Kirundi kama mtoto wa Kinama, ukajua bei ya ndagala kwenye kila soko, lakini kwenye karatasi wewe bado mgeni. Mgeni hapangi. Mgeni anangoja kuambiwa akae wapi na aondoke lini. Ndiyo maana nataka kuandika juu ya mahali pamoja ambapo sisi ndio wenyeji, na juu ya mzigo ambao mwenyeji anaubeba.

Mahali penyewe si nyumba wala kiwanja. Ni seva, yaani mashini iliyowashwa usiku na mchana ili watu waingie kwa simu na kompyuta zao na kuongea palepale: wewe unaandika, mwenzako anasoma sekunde hiyohiyo. Tunaingia vijana kama arobaini. Wapo wa Buyenzi, Bwiza na Kinama hapa mjini, wapo wa kambi za Musasa, Gasorwe na Kavumu, na wapo wenzetu waliobaki ng'ambo, Uvira na Bukavu. Kinachotukutanisha ni programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Baadhi yetu tunatafsiri maneno ya programu hizo kwa Kiswahili na Kirundi. Wengine wanachora avenyu na visima kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo watu wanaichora wenyewe.

Kazi hii haiendi bila maongezi. Neno moja linaweza kutuchukua jioni nzima. Lile neno la kuweka kazi yako isipotee tuliliandika "hifadhi", na msichana mmoja wa Kavumu akauliza: hifadhi si ile tunayoiomba kwa serikali? Tulicheka, tukaliacha hivyohivyo. Hatukuwa wa kwanza kuhangaika na maneno kama hayo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na ninafikiri wale nao waligombana sana juu ya maneno kabla ya kuelewana. Tofauti ni kwamba wao waliweza kukaa kwenye meza moja. Sisi meza yetu ni seva.

Mwanzoni tulikuwa na kikundi kwenye programu ya ujumbe ambayo karibu kila simu inayo. Ilikuwa rahisi, lakini kwa watu kama sisi ilikuwa na shida mbili. Kwanza, kila aliyeingia aliona namba ya kila mtu. Wasichana wawili wakaanza kupigiwa saa tano za usiku na watu wasiowajua. Mmoja akatoka. Mwingine akabaki lakini hakuandika tena. Pili, kuingia kunataka laini ya simu, na laini inataka kitambulisho. Wengi wetu tumewahi kutumia laini iliyoandikishwa kwa jina la jirani au la shemeji. Siku mwenye jina akiitaka laini yake, na wewe unatoweka kwenye kikundi pamoja nayo, bila hata kuaga.

Basi nikaanza kusoma: watu wa programu huria wenyewe, wale wa dunia nzima, wanaongelea wapi?

Nikakuta kwamba chumba chao cha zamani kinaitwa IRC. Aliyekianzisha ni Jarkko Oikarinen wa Finland, mwaka 1988, akiwa Chuo Kikuu cha Oulu. Kilikuwa chumba cha maandishi matupu, bila picha, bila sauti. Hakikutaka namba ya simu, kilitaka jina tu la kujichagulia. Agosti 1991, wakati wa jaribio la mapinduzi kule Moscow, habari zilipobanwa, watu waliendelea kupashana yanayotokea kwa njia ya IRC. Kitu kidogo, chepesi, kinachopita hata kwenye laini mbovu. Nikasema, hiki kinatufaa.

Kisha nikasoma habari ya Freenode. Huu ulikuwa mtandao wa IRC ambako jamii nyingi za programu huria zilikaa kwa miaka mingi. Waliouendesha walikuwa watu wa kujitolea. Mwaka 2021 kukazuka ugomvi juu ya nani hasa mwenye Freenode. Mfanyabiashara aliyeshika kampuni yenye jina hilo akataka usukani, na tarehe 19 Mei wale waliokuwa wakiuendesha wakaondoka kwa pamoja. Walifungua mahali papya, Libera Chat, pakaandikishwa Sweden kama shirika lisilotafuta faida. Ubuntu, Wikimedia na Gentoo wakahamia huko. Wiki moja baadaye, vyumba mamia vya Freenode, ambavyo mlangoni vilikuwa vimeandikwa habari ya Libera, vilichukuliwa kutoka mikononi mwa wenyewe. Mwezi Juni Freenode ikahamia mfumo mpya, na majina na vyumba ambavyo watu waliviandikisha miaka yote hiyo havikuhamishwa.

Nilisoma habari hiyo kama mtu anayesoma habari za kwao. Watu wanalala wakiwa wenyeji, wanaamka mlango una kufuli jipya. Lakini kilichonishika zaidi ni namna walivyohama. Walihama kwa siku chache, na kazi yao haikufa, kwa sababu mambo matatu hawakuyaweka ndani ya nyumba ile: msimbo wao ulikuwa mahali pengine, anwani mpya waliitangaza kwenye kurasa zao wenyewe, na walijuana. Kilichobaki nyuma kilikuwa chumba tu. Hapa Burundi neno Ubuntu halihitaji mtafsiri: ni utu na ukarimu, na kitu cha "ku buntu" ni kitu cha bure. Watu wenye jina hilo walibeba utu wao wakaacha kuta. Ndivyo mama zetu walivyovuka Rusizi.

Na sisi wa Bujumbura tuna la kwetu la kukumbuka. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano yalipoanza, WhatsApp, Facebook, Twitter na Viber zilifungwa kwenye simu. Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule. Nakumbuka wakubwa wakiulizana VPN kama vile watu wanavyoulizana sukari ilipoadimika. Katikati ya Mei, siku za jaribio la mapinduzi, redio za binafsi zilishambuliwa zikanyamaza, zikiwemo RPA, Isanganiro na Bonesha. Baadhi ya waandishi wa habari wakaendelea kwa mitandao ya kijamii, na SOS Médias Burundi ilizaliwa hapo. Sisemi kwamba seva ndogo ya vijana ingezuia lolote katika hayo. Intaneti yote ikizimwa, seva yetu nayo ni chuma tu. Lakini tangu hapo kila mtu wa mji huu anajua kwamba mahali pa kuongelea pana mwenyewe, na kwamba mwenyewe anaweza kufunga au kufungiwa.

Tulichagua XMPP. Ni njia ya kutumiana ujumbe iliyoanza mwaka 1999 kwa jina la Jabber, na inafanya kazi kama barua pepe: kila kundi linaweza kuwa na seva yake, na seva zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Mtu mwenye akaunti kwa mwingine anaweza kuingia chumbani kwetu bila kujiandikisha upya. Programu tuliyoweka kwenye seva inaitwa Prosody. Haili kumbukumbu nyingi, mashini dogo kabisa linaitosha, na ujumbe wa maandishi unafika hata Kavumu pale simu inapoonyesha mstari mmoja tu wa mtandao. Mega chache zinamtosha mtu wiki nzima.

Tuliijaribu kwanza kwenye kompyuta ya zamani, hapa kwenye kituo cha vijana ninakofanyia kazi. Ilituonyesha mengi haraka. Umeme ukikatika, chumba kinakatika. Jenereta inataka mafuta, na kila mtu anaijua foleni ya mafuta ya mji huu. Halafu kuna jambo la anwani. Modemu ya simu haina anwani yake peke yake kwenye intaneti. Wateja wengi wanagawana moja, kwa hiyo mtu wa nje anayetaka kubisha hodi kwako haoni mlango. Ilitubidi kukodi sehemu ya seva Ulaya, kama euro 5 kwa mwezi. Pesa yenyewe tunaichanga, lakini kadi ya benki inayokubalika huko si kitu cha kila mtu hapa, sembuse mkimbizi. Anayelipa ni mwenzetu mmoja aliyepata safari, sasa yuko Kanada. Sisi tunamlipa kwa kumpelekea shangazi yake mchango uleule, hapa Buyenzi, kila mwisho wa mwezi.

Funguo zimeshikwa na watu watatu. Hilo tulilitoa kwenye habari ya Freenode. Mmoja ni mimi, mmoja ni yule wa Kanada, wa tatu ni dada anayefundisha kushona. Jina la seva, yaani anwani yenyewe, limeandikishwa kwa namna ambayo hakuna mmoja wetu anayeweza kuliuza bila mwingine kujua. Kwetu sisi hili si jambo la kuoneana wivu. Watu wetu wanaondoka. Leo uko kituoni, kesho jina lako limetoka kwenye orodha ya Australia. Nyumba inayomtegemea mtu mmoja itafungwa siku anapanda ndege.

Sasa nifike kwenye mzigo wenyewe.

Seva inayopokea maneno ya watu lazima iamue iyaweke muda gani. IRC ya zamani haikuweka kitu: usipokuwepo, umekosa. Prosody, ukiiwashia hifadhi ya ujumbe bila kuigusa zaidi, inaweka wiki moja kisha inafuta. Wengine duniani wanaweka miaka. Tulikaa kikao, nikaeleza. Kwenye chumba cha wote maneno yanapita bila kufungwa kwa siri, maana simu nyingi zetu ni za zamani, hivyo mwenye ufunguo wa seva anaweza kuyasoma. Na maneno ya mkimbizi si maneno matupu. Mtu anaandika "nimehama, siku hizi niko kwa mjomba wangu Bwiza," na huko alikokimbia kuna anayetaka kujua hilo. Tukakubaliana siku saba. Zinatosha mtu aliyekosa mega kurudi na kusoma kilichompita. Baada ya hapo, maneno yanaondoka.

Kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika. Kisha ikaja Februari 2025. Bukavu ilichukuliwa tarehe 16, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kuja Burundi, wengi kwa kuingia maji ya Rusizi, wakajaa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo kule Cibitoke. Chumba chetu cha kutafsiri programu kikageuka chumba cha kutafutana. Nani kamwona fulani? Nani yuko Rugombo? Wale waliokuwa wakibishana juu ya neno moja jioni nzima sasa walikuwa wanaandika majina. Tulifungua chumba cha pili kwa ajili ya hayo na kukifunga kwa wasiojulikana, maana kuandika hadharani kwamba mtu fulani yuko mahali fulani kunaweza kumsaidia au kumwangamiza. Mwenyeji ndiye anayepaswa kulifikiria hilo saa saba ya usiku, watu wote wakiwa na haraka.

Mwenzetu mmoja wa Bukavu, mwanafunzi, aliacha kuandika wiki ile. Alikuwa hodari kuliko sisi wote kwa Kiswahili sanifu. Mwezi wa nne mama yake akafika kituoni. Alikuwa amepitia Rugombo, mtoto hakumpata. Mtu alimwambia kwamba kuna kijana Bujumbura anayechunga maongezi yao.

"Papa," akaniambia, "minaomba tu yenye mwanangu aliandika mwisho."

Nikamwambia, "Mama, ile mashini haichungi maneno kupita siku saba."

Akaniangalia. "Siku saba? Hata deni ya duka inachungwa kupita ile."

Sikuwa na jibu. Nilimletea kiti na chai, nikamweleza kwa nini, na yeye akasikiliza kwa adabu, kama watu wetu wanavyosikiliza ofisini. Alielewa. Kuelewa hakukumpa kitu.

Lakini kuna jambo ambalo seva haiwezi kulifuta. Ujumbe ukishafika kwenye simu yako, ni wako. Seva ikisahau, simu yako inakumbuka. Jioni ile niliandika chumbani kwamba mama wa mwenzetu yuko hapa, na anayetaka anaweza kunipa alichobaki nacho. Sikumlazimisha mtu. Watu saba walijibu. Mmoja wa Musasa simu yake ilikuwa imeshavunjika, akaandika anayoyakumbuka tu, akasema wazi kwamba ni ya kukumbuka. Msichana mmoja alikuwa na maongezi yao wawili. Akatoa sehemu, nyingine akabaki nayo, na mimi sikumuuliza kwa nini. Tulipata ujumbe ishirini na tatu. Dada wa kushona aliunakili wote kwa mkono kwenye daftari, kwa sababu mama alitaka kitu kisichohitaji betri.

Wa mwisho ulisema hivi: mistari kumi na mbili imebaki, nitamaliza kesho, betri iko 4.

Mama akauliza, mistari gani? Nikamfungulia ile programu kwenye kompyuta, nikamwonyesha. Mistari yenyewe mwenzetu mwingine alishaimaliza mwezi wa tatu. Lakini kwenye faili la tafsiri kuna orodha ya watafsiri, na jina la mwanawe limo, limeandikwa na yeye mwenyewe, ndani ya msimbo unaonakiliwa kwenye mashini ambazo hatutaziona kamwe. Huko hakuna siku saba. Alilisoma jina mara mbili, akataka nimwandikie pia jina la programu, ili akimpata mtu anayejua mashini, aoneshwe tena.

Hadi ninapoandika hapa, mwanawe hajaonekana.

Baada ya hapo tulikaa kikao kingine. Waliotaka tuweke maneno mwaka mzima walikuwa na sababu, na sababu yao ilikuwa imekaa kwenye kiti chetu ikinywa chai. Msichana wa Kavumu, yuleyule wa hifadhi, akasema: "Mimi niliingia humu kwa sababu humu hamuna kukumbuka. Mukianza kuchunga, mimi natoka." Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini. Tulipiga kura. Siku saba zikabaki, kumi na tisa kwa nane. Tuliongeza kitu kimoja tu: anayetaka anaweza kuacha kwa watu wawili jina la mtu atakayepewa maneno yake akipotea. Kumi na mmoja wameshaacha. Mimi niliacha jina la dada yangu.

Watu wananiuliza kama ni kazi kubwa kuendesha seva. Kazi ya mashini ni ndogo, nusu saa kwa wiki, sasisho na kuangalia nafasi ya diski. Kazi kubwa ni kwamba neno mwenyeji lina deni ndani yake. Mgeni analaumu mwenye nyumba na ana haki. Ukishashika ufunguo, kuna mtu utamwambia hapana, na wakati mwingine atakuwa na haki kuliko wewe, na bado utasema hapana kwa sababu uliwaahidi wengine.

Mwezi ujao ninampa ufunguo wangu msichana wa miaka kumi na tisa ambaye tangu mwaka jana namfundisha Linux. Ufunguo unapaswa kutembea nikiwa bado hapa wa kuulizwa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la seva nimemwandikia mambo manne. Nakala ya orodha ya wanachama iwe kwenye flashi mbili, katika nyumba mbili. Mchango wa shangazi usichelewe. Kazi iwekwe mahali pa kudumu, maongezi yawekwe mahali pa kupita, na visichanganywe. Na kabla ya kuigusa ile namba 7, aulize wote.